Mara Tatu ya Arobaini

Tarehe 3 Machi

Kaka,

Hii barua usiisome umesimama. Vuta kiti, umwombe wifi akutafutie miwani, kisha uendelee. Ningepiga simu, lakini masikio yako yaliliwa na ile mashine ya kuzungushia damu, na sitaki kupigia kelele mambo haya majirani wakisikia.

Chuo kimeamua kutupima. Kamati inakaa tarehe 30 Aprili, na kila mtafiti atawekwa mezani kama sampuli: umechapisha makala ngapi, na wenzako duniani wamezinukuu mara ngapi. Mwenyekiti ni yule tunayemwita Rula, maana hata akikupa mkono unahisi anakupima urefu. Asiyefika kiwango ananyang'anywa maabara, anabaki kufundisha kwa saa, na funguo za nyumba ya chuo anazirudisha ndani ya siku tisini.

Kiwango ni hiki. Nukuu zote zisipungue mia tatu. Halafu kuna kipimo cha pili: uwe na makala kumi ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara kumi. Nimekaa na kalamu siku tatu. Makala zangu ni 31. Nukuu zote ni 388. Makala zilizofika mara kumi ni kumi kamili, Kaka, na tatu kati yake zimefika kumi kwa kuning'inia na kucha.

Kwa hiyo nimepita. Lakini tazama nilivyopita: katika hizo nukuu 388, mia mbili na arobaini na moja ni za makala moja, ile yetu ya kupima kimeng'enya cha ini. Itoe hiyo, ninabaki na 147 na makala tisa. Nimesimama kwenye kigoda cha mguu mmoja.

Miaka ishirini na sita nimekaa humu. Niliingia naosha chupa, wewe fundi wa maabara ukinionyesha ipi ya kusugua na ipi ya kuacha. Nimesoma usiku, nimefundisha mchana, hospitali ndogo zinatumia njia yetu kwa sababu ni rahisi, halafu anakuja mtu aliyezaliwa na shahada mdomoni kuniuliza, "Daktari, mchango wako ni upi kwa tarakimu?"

Sasa swali. Kuna binti wa maabara fulani ya hospitali, mbali huko, ameniandikia kwamba akifuata makala yetu hatua kwa hatua, damu za watu wenye afya zinatoka kama za wagonjwa. Sijamjibu. Bado una daftari la mwaka ule? Nitazamie bafa, ule mmumunyo unaoshikilia uchachu usiyumbe, tuliipima pH yake kwenye joto gani.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Daktari wa Chupa,

Miwani nilikuwa nimeivaa. Hiyo ndiyo hali yetu huku.

Kwanza pole na hiyo Rula. Zamani walikuwa wakitupima kwa chupa zilizovunjika; mimi ningefeli mwaka wa kwanza. Lakini kumi ni kumi. Hakuna mtihani unaosema aliyepata kumi kwa jasho apewe tisa. Tulia.

Daftari ninalo, liko kwenye sanduku la bati chini ya nguo. Nimelifungua. Safu ya joto imeandikwa 25, na chini yake alama za "kama juu" mpaka mwisho wa ukurasa, na ukurasa unaofuata vilevile. Kwa hiyo ni 25, joto la mezani, kama ulivyoandika kwenye makala. Huyo binti amwangalie fundi wake.

Sisi hatujambo. Mimi nina kifua kidogo, mafua ya msimu, usinitumie mahubiri. Wifi yako anasema umekuja mara ya mwisho Desemba na hukumaliza chai.

Kaka yako


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaona bora nihakikishe, maana kujibu barua ya mtu kwa "muulize fundi wako" ni tabia ya Rula.

Nimetoa damu yangu mwenyewe. Nimetengeneza bafa kwenye joto la 25 kama makala inavyosema, nikapima. Nimetoka 50. Kikomo cha mtu mwenye afya tulichokichapisha ni 40. Nimempima karani: 49. Nimempima mlinzi, mtu anayekimbia kila asubuhi: 47. Sote watatu tuna ini bovu siku moja?

Wewe unajua kuliko mimi bafa ile ilivyo na kigeugeu. Ukiitengeneza penye baridi ikasoma nane, ukiipasha joto la mwili inashuka karibu kwa moja nzima, na kimeng'enya kinazembea. Basi jana nilibeba kila kitu kwenye chumba baridi, nyuzi nne, vidole vikafa ganzi, nikaipima pH mle mle. Nikarudi mezani na damu ile ile yangu. 38. Karani 38. Mlinzi 36.

Hamsini kwa thelathini na nane ni 1.3. Namba zetu zote za mwaka ule zimepungua kwa kiasi hicho, na anayefuata makala kwa uaminifu anapata zaidi yetu kwa kiasi hicho hicho. Anayekosea zaidi ni anayetutii zaidi.

Kaka, usinifiche. Ile bafa tuliipimia wapi?

Sijalala vizuri. Nikifumba macho naona 241, naona kila mmoja wao ameshika karatasi yangu.

Mdogo wako


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika kwa vipande, nisamehe mwandiko.

Mita ya pH ya mezani iliharibika mwezi ule. Niliandika ombi la mpya, likazunguka ofisini likarudi limeongezewa mihuri tu. Wewe ulikuwa na mitihani yako na tarehe ya kupeleka makala. Kulikuwa na mita nyingine moja, ya chumba baridi. Nikawa naingia huko, navaa koti lako lile la bluu, natengeneza bafa, natoka.

Daftari lilikuwa na 25 juu ya ukurasa tangu zamani. Na wewe unajua tulivyokuwa tukijaza: namba moja juu, kisha alama chini, chini, chini, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Sikuwahi kusimama nikajiuliza mkono wangu unaandika nini. Miaka thelathini na moja ya kazi, sijawahi kudanganya kipimo. Huo haukuwa uongo, ulikuwa mkono.

Uliponiuliza mara ya kwanza nilikumbuka. Nilikumbuka kabla sijafungua sanduku. Nikakuandikia 25 kwa sababu ndivyo daftari linavyosema, na nilitaka daftari liwe kweli.

Waandikie watu wa jarida. Jina la fundi waweke langu. Mimi nimestaafu, hakuna wa kuninyang'anya kitu.

Kaka yako


Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Jina lako haliendi popote. Aliyesaini makala ni mimi. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza mita iko wapi, na sikuuliza kwa sababu namba zilikuwa nzuri. Tuliache hilo.

Nimepiga hesabu nyingine, na hii nataka uniambie kama nimekuwa mtu mbaya. Kamati inakaa baada ya siku 26. Nikipeleka masahihisho leo, mhariri wa jarida ataweka tangazo ndani ya wiki moja, na Rula hatahesabu nukuu za makala yenye kosa. 388 inakuwa 147. Kumi inakuwa tisa. Nina miaka hamsini na mbili. Nani ataniajiri, nirudi kwenye ndoo?

Nikipeleka tarehe mosi Mei, nimekwisha kupita. Kosa limekaa miaka kumi na moja; siku 26 ndani ya miaka kumi na moja ni kama tone ndani ya pipa.

Kisha nikajiuliza ni nani anayeumia ndani ya hizo siku. Anayepimwa tu kuangalia afya, ataambiwa aache mafuta, basi. Wanaonitia hofu ni walio kwenye dawa kali zinazochosha ini, kama za kifua kikuu. Sheria yao ni kwamba mgonjwa mwenye kichefuchefu akipita mara tatu ya kikomo, dawa zinasimamishwa. Mara tatu ya arobaini ni 120. Kwa kosa letu, mtu akisomeka kati ya 120 na 156 anasimamishiwa dawa bure, na ugonjwa unabaki mwilini unakula. Lakini ni wangapi watakaoangukia hapo hapo, katika hospitali zinazotumia njia yetu, katika siku 26? Najiambia wawili. Najiambia labda hakuna.

Nikishamaliza kujiambia, naanza kuwahesabu upya.

Niambie wewe. Nitafanya utakavyosema.

Mdogo wako


Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu,

Subiri kamati.

Nakwambia kama kaka, si kama fundi. Usiandike kwa jarida, usiandike kwa hospitali yoyote, usimjibu yule binti. Tarehe mosi Mei ukiamka utaandika barua zako zote na mimi nitakuchagulia stempu.

Huku wote wazima. Usije sasa, barabara mbaya.

Kaka yako


Tarehe 16 Aprili

Wifi,

Ni mimi, mke wa kaka yako. Hajui kama nakuandikia. Barua nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwambia asipoifikisha nitamngoja stendi na mwiko.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mume wangu ameona methali hiyo inawahusu watu wengine. Hana mafua. Ana kifua kikuu tangu Januari. Alianza dawa vizuri, akaanza kula, hata suruali ikaanza kushika kiuno. Akapata kichefuchefu, wakampima ini hapa hospitali yetu. 148. Tarehe 24 Februari wakasimamisha dawa zote. Baada ya wiki mbili wakapima tena: 139. Daktari akasema bado ni juu ya 120, tungoje ishuke. Wifi, leo ni siku ya hamsini na moja tunangoja. Anakohoa mpaka kitanda kinasogea. Jana kitambaa kilikuwa na damu, akasema amejiuma ulimi. Nikamwambia fungua mdomo niuone. Akageukia ukutani.

Hakukwambia mapema kwa sababu ya kamati yako. "Mwache apite kwanza," ndiyo kauli yake ya kila siku. Nami nikanyamaza, hayo yalikuwa maradhi yake.

Lakini barua yako ya tarehe 4 alipoisoma aliirudia mara mbili. Akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya bahasha, akaiweka chini ya godoro, akaniambia leo hajisikii kula. Jana nikitandika nikaiona. Ameandika 148 gawanya kwa 1.3, sawasawa 114. Chini yake 139 gawanya kwa 1.3, sawasawa 107. Kisha akapiga mstari.

Mimi sijui bafa. Mimi ni mshonaji. Lakini kupima mara tatu kabla ya kukata najua, na kugawanya najua, na 114 ni ndogo kuliko 120. Nikamwuliza, "Baba, kwa hiyo ulikuwa unastahili dawa siku zote hizi?" Akasema, "Punguza sauti." Nikasema, "Twende sasa hivi ukamwambie daktari." Akasema daktari atauliza amejuaje, na kwenye ukuta wa maabara ile kuna karatasi ya maelekezo yenye jina lako chini. Aliiona siku ya kwanza alipotoa damu. Alijisifu kwa muuguzi, "Huyo ni mdogo wangu, nimemfundisha kuosha chupa." Sasa anasema hawezi kuichana kwa mkono huo huo.

Amehesabu siku. Anasema zimebaki kumi na nne, atavumilia. Kwa jinsi anavyopumua, wifi, mimi sihesabu kumi na nne.

Sikulaumu wala sikubembelezi. Nimekuandikia kwa sababu wewe ndiye mwenye namba.

Wifi yako


Tarehe 18 Aprili

Kaka,

Barua ya wifi imenifikia saa nne asubuhi. Usimgombeze. Ukimgombeza nitajua.

Saa tano nimempigia daktari wa hospitali yenu. Alianza kunieleza kwamba anafuata makala ya kuaminika yenye nukuu zaidi ya mia mbili. Nikamwambia naijua, ni yangu, na ina kosa, na mgonjwa wake mwenye 148 ana 114. Akaniuliza, "Na wengine?" Nimemwambia akabandue ile karatasi ukutani nikiwa bado kwenye simu. Nilisikia ikichanika.

Saa saba nimeandika kwa mhariri wa jarida. Saa nane kwa yule binti, nikamwomba radhi kwa siku nilizomweka. Saa tisa nimempelekea Rula nakala ofisini kwake, mkononi. Akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Lakini mama, si ungengoja siku kumi na mbili tu?" Nadhani alikuwa ananihurumia. Nilitamani kumtapikia mezani, kwa sababu siku kumi na nne zilizopita nilisema maneno hayo hayo, na kwa hesabu nzuri kuliko yake.

Uliniambia nisubiri ukiwa unajua. Ulinipa kifua chako nikisimamie. Ungekufa tarehe 29, mimi tarehe 30 ningepita kwa kumi, na ningekuja mazikoni na cheti.

Nina hasira na wewe kuliko na mtu yeyote duniani. Meza dawa.

Mdogo wako


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimegombezwa na watu watatu: wewe, mke wangu, na daktari ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka thelathini. Nimekubali.

Nimeanza dawa tena tarehe 20. Siku 55 nilikuwa bila. Daktari hafichi: anasema mdudu akiachiwa nafasi kiasi hicho, anaweza kuzizoea dawa, akirudi anazitazama tu. Wamechukua makohozi wakayapeleka maabara kubwa waone kama bado anazifia. Majibu yanachukua wiki sita. Wifi yako ameweka alama kwenye kalenda kwa uzi mwekundu, na kila nikikohoa anaitazama.

Uliniuliza kwa nini, japo hukuandika swali. Nilikuona ukiingia maabara ile na ndoo, viatu vya mtu mwingine miguuni. Kisha nikaona jina lako ukutani. Mimi sina makala hata moja. Nilichonacho ni wewe na alama za "kama juu". Nikaona siku chache za kukohoa si bei kubwa.

Sikuwafikiria wenzangu wa benchi la kliniki, waliosimamishiwa dawa kama mimi. Hilo ndilo linaloniamsha. Tulikuwa tukikaa wengi pale, kila mmoja na kikaratasi chake, na mimi peke yangu nilijua namba zile ni mbovu, nikakaa nao kuanzia tarehe 7, barua yako iliponifikia, mpaka tarehe 18, nikiwaambia zitashuka tu, wasiwe na wasiwasi.

Kamati imesemaje?

Kaka yako


Tarehe 9 Juni

Kaka,

Kamati ilinipa dakika nane. Nukuu 147, makala tisa. Maabara wamempa kijana wa Rula. Lakini usicheke hili mpaka ukohoe: tangazo la masahihisho wamelihesabu kama makala mpya. Sasa ninazo 32, na limekwisha nukuliwa mara sita. Kosa langu linapanda kwa kasi kuliko kazi zangu ishirini.

Nimeomba nafasi ya fundi wa maabara. Wameona aibu, wakanipa. Nyumba nimetoka, nimepanga vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Dirisha halifungi, meza inatosha.

Juu ya meza hiyo nina orodha. Daktari wenu ameitafuta kwenye vitabu vyao, miaka minne nyuma, watu wote waliosimamishiwa dawa wakiwa kati ya 120 na 156. Ni 22, wewe ukiwamo. Hiyo ni hospitali moja. Zinazotumia njia yetu, kwa ninazozijua, ni kumi na saba. Usizidishe. Mimi nimezidisha, na si vizuri.

Daktari alitaka muuguzi apige simu. Nikamwambia muuguzi hajaandika makala ile. Kumi na wanne nimewapata, wamerudishwa kwenye dawa au walikwisha pona kwa njia nyingine. Wanne namba zao za simu hazipo. Watatu nilikuwa sijawapigia mpaka leo jioni, kwa sababu kila nikifika kwao naamka kuchemsha maji.

Leo nimempigia wa kwanza katika hao watatu. Alisomeka 131 mwaka juzi. Nimegawanya, ni 101. Amepokea mwanamke. Nikamtaja mgonjwa, nikasema napiga kuhusu vipimo vyake vya ini.

Akasema, "Mume wangu hayupo, tulimzika. Mlimwambia aache dawa, akaacha. Mtu mtiifu sana yule." Kisha akasema, "Miaka miwili. Sasa ndiyo mnapiga? Wewe ni nani?"

Ningeweza kusema hospitali. Nikamwambia kazi yangu, na kwamba namba iliyomsimamishia dawa niliiandika mimi, na ilikuwa na kosa.

Hakulia wala hakutukana. Aliniuliza, "Yake halisi ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia 101. Akaniomba nirudie taratibu, nikasikia anatafuta kalamu, akamwita mtu amshikie mtoto. Akaiandika. Akaniuliza kama ni mia moja na moja au mia na kumi na moja, nikamwambia mia moja na moja. Akasema asante, akakata.

Wamebaki wawili. Majibu ya makohozi yako ni Alhamisi. Nitapanda basi la Jumatano, niwe benchi pamoja nawe wakikuita.

Mdogo wako